Unga wa lishe: acha kurundika nafaka kumi kwenye mfuko mmoja

Ukiulizia unga wa lishe sokoni, muuzaji atakuhesabia vilivyomo kwa vidole: mahindi, mchele, ulezi, mtama, uwele, ngano, soya, karanga, maharage, dagaa, mbegu za maboga, na siku hizi mlonge na ubuyu juu yake. Orodha inavyorefuka ndivyo bei inavyopanda, na ndivyo mzazi anavyoamini kwamba kampatia mwanawe kitu cha maana. Ukimuuliza muuzaji soya ilichemshwa dakika ngapi kabla ya kusagwa, au karanga zilichambuliwa na nani, mara nyingi hana jibu.

Uji wa nyumbani ni chakula kizuri na sina ugomvi nao. Mtoto aliyetimiza miezi 6 hahitaji unga wa kopo kutoka ng'ambo ili akue, na wanaosema turudi kwenye vyakula vyetu wana hoja ya kweli. Ninachopinga ni huu mrundikano. Kila kitu kinachoingia kwenye mchanganyiko huo kina matayarisho yake: hiki hulowekwa, kile huchemshwa, kingine huoteshwa au huchambuliwa punje kwa punje. Ukivisaga vyote kwa pamoja vikavu, umevinyima vyote matayarisho hayo, na anayelipia ni mtoto.

Nafaka tano ni kitu kimoja mara tano

Mahindi, mchele, mtama, uwele na ngano vyote ni wanga kwa takriban asilimia 70, pamoja na protini kidogo. Ukiongeza nafaka ya pili juu ya ya kwanza unabadilisha ladha na rangi, lakini tumbo la mtoto linapokea kile kile. Anachokosa mtoto wa miezi 6 hadi 24 ni mafuta, protini iliyokamilika, madini ya chuma, zinki na vitamini A, na hivyo havipatikani kwa kuongeza aina ya nafaka.

Nafaka moja na jamii ya kunde moja zinatosha, kwa sababu kile kinachopungua kwenye protini ya nafaka kinapatikana kwenye kunde, na kinyume chake. Kipimo kinachofanya kazi ni kilo 3 za nafaka kwa kilo 1 ya kunde. Hapo umemaliza kazi ya unga. Vingine vyote, yaani karanga, dagaa, yai, mafuta, maziwa na matunda, viingie kwenye sufuria au kwenye bakuli siku ile ile ya kupika.

Kuna faida nyingine ya kutenganisha. Mtoto anayeanza kula akitokwa na vipele, akiharisha au akivimba midomo baada ya uji wa vitu kumi na viwili, hutajua kilichomdhuru. Ukianza na nafaka peke yake, ukaongeza kitu kimoja kila baada ya siku 3, jibu utalipata mapema na halitakusumbua tena.

Halafu kuna mafuta yaliyomo. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, soya ni kama sehemu moja kwa tano. Punje ikiwa nzima, mafuta hayo yamefungiwa ndani. Ikishasagwa hukutana na hewa na kuanza kuharibika, na unga unapata ule ukali wa kooni na harufu ya mafuta ya zamani. Mtoto akigoma uji ghafla baada ya wiki tatu, onja unga mkavu kwenye ncha ya ulimi kabla hujamlaumu. Unga wa nafaka tupu uliokauka vizuri na kufungwa vizuri unakaa mwezi. Uliochanganywa na karanga usiupe zaidi ya wiki mbili, na heri usiusage kabisa.

Sumukuvu haijali kama chakula ni cha asili

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Mahindi na karanga, viungo viwili visivyokosekana kwenye unga wa lishe, ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi na kuvu aina ya Aspergillus flavus. Kuvu huyo hutoa sumu tunayoiita sumukuvu. Haina harufu wala ladha, na haionekani kwa macho hata ukiitazama juani. Kuchemsha hakuiondoi, kwa kuwa inastahimili joto la zaidi ya nyuzi 200, wakati uji hauvuki 100. Kukaanga karanga huipunguza kiasi, hakuimalizi.

Sumu hii iligundulika kufuatia vifo vya batamzinga zaidi ya 100,000 Uingereza mwaka 1960, waliolishwa mashudu ya karanga. Kwetu imeua watu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufa 125. Mwaka 2016 ikatokea Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara. Kule Kenya chanzo kikubwa kilikuwa mahindi ya wenyeji wenyewe, waliyoyalima na kuyahifadhi nyumbani yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haikuwa kemikali ya kiwandani. Kwa hiyo mtu akikwambia unga wake ni salama kwa sababu ni wa asili na umetoka shambani kwake, bado hajakujibu swali.

Hao waliokufa walikula kiwango kikubwa kwa muda mfupi. Kiwango kidogo cha kila siku hufanya kazi taratibu: huumiza ini, hudhoofisha kinga, kimehusishwa na kudumaa kwa watoto, na kikikutana na homa ya ini aina ya B hatari ya saratani ya ini hupanda mara nyingi. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu kwenye mahindi isizidi maikrogramu 10 kwa kilo. Ni kiasi kidogo mno, na nyumbani huwezi kukipima. Kinachowezekana nyumbani ni kuizuia isiingie na kuondoa punje zinazoibeba.

Anza na ukavu. Mahindi yasihifadhiwe yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5. Kipimo cha bei nafuu ni chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka kiganja cha chumvi kavu, jaza punje za mahindi hadi theluthi moja, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, yanakaribia kufaa, lakini yape jua siku moja zaidi. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu kipimo kitakudanganya, kwa hiyo ikaange kwanza kwenye sufuria kavu na uiache ipoe.

Kuanika kufanyike juu ya turubai au chanja, kamwe si juu ya udongo, kwa sababu kuvu huyo makazi yake ni udongoni. Jioni kusanya na ufunike, umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya siku mbili. Usipukuchue kwa kuyapiga fimbo ndani ya gunia: punje iliyopasuka ni mlango uliofunguliwa. Kwa kuhifadhi, mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia, hufanya kazi vizuri kama kila tabaka limefungwa peke yake na mahindi yalikuwa makavu tangu mwanzo. Ukifungia mahindi mabichi humo umeyatengenezea kuvu nyumba.

Baada ya hapo chambua. Mimina kwenye ungo kilo moja kwa mara, mahali penye mwanga wa kutosha. Toa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika na zenye ukungu wa kijani, kijivu au njano. Sumu haikai sawasawa kwenye gunia zima. Mara nyingi punje chache mbovu ndizo zinazobeba sehemu kubwa, ndiyo maana kuchambua kunasaidia kuliko hatua nyingine yoyote ya jikoni. Kisha osha na uondoe zinazoelea. Ulizotoa usiwape kuku wala ng'ombe: kuku nao hudhurika na sumu hii, na ng'ombe akiila inatokea kwenye maziwa. Zifukie.

Karanga zinataka umakini zaidi. Nunua zenye maganda, uzimenye mwenyewe zikiwa kavu. Wengi huzinyunyizia maji ili maganda yalainike, na maji hayo ndiyo yanayomwamsha kuvu. Zikaange kwa moto mdogo hadi ngozi itoke, sugua, pepeta, halafu zipasue vipande viwili na uangalie katikati, kwa maana ukungu mara nyingi hujificha ndani wakati nje punje inang'aa. Iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au yenye uchungu, tupa. Karanga zilizokwisha kusagwa sokoni sizishauri kwa mtoto hata kidogo. Punje mbovu ambazo mnunuzi hawezi kuzikubali zikiwa nzima, zikishapita mashine hakuna anayeziona.

Neno kuhusu dona

Wanaopenda chakula asilia wamefundishwa kwamba dona ni bora na sembe ni makapi. Kwa vitamini za kundi B, madini na nyuzinyuzi, ni kweli. Lakini pumba na kiini, vile vinavyoondolewa wakati wa kukoboa, ndivyo pia vinavyobeba sehemu kubwa ya sumukuvu, na ndivyo vyenye fitati nyingi, ambayo hushika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe. Msimamo wangu ni huu: mahindi uliyoyaanika na kuyachambua mwenyewe, saga dona. Mahindi usiyojua yalikotoka, yakoboe kwanza. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 2, ukiwa na uwezo wa kuchagua, acha mahindi utumie ulezi au mchele. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, na hushambuliwa na kuvu huyu kwa kiwango kidogo kuliko mahindi.

Tatizo la ulezi ni mchanga. Pepeta kwanza, kisha uoshe kwa mabakuli mawili: mimina maji mengi, koroga, hamishia ulezi bakuli la pili polepole pamoja na maji, uache mchanga uliotuama chini. Rudia mara nne au tano hadi chini pasibaki kitu. Anika juu ya kitambaa safi, tabaka jembamba, uugeuze kila baada ya saa moja.

Soya na maharage hayasagwi mabichi

Soya mbichi ina viambata vinavyozuia mwili kuyeyusha protini. Maana yake unamlisha mtoto protini na papo hapo unamzuia kuitumia, na mara nyingi tumbo linajaa gesi na kuharisha. Kukaanga juu juu hakutoshi, punje huungua nje ikabaki mbichi ndani. Njia ya uhakika: chemsha maji kwanza yatokote, ndipo umwage soya ndani, ziendelee kuchemka kwa dakika 25 hadi 30. Mwaga maji hayo, zisugue kwenye maji baridi hadi maganda yatoke, anika hadi zikauke kiasi cha kuvunjika ukizibana kwa meno, halafu ndipo zikasagwe.

Maharage, hasa mekundu, yana lektini, sumu inayoharibiwa na mchemko mkali tu. Unga wa maharage mabichi kwenye uji wa dakika kumi, tena moto mdogo, unaweza kuleta kutapika na kuharisha kwa nguvu. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa nguvu angalau dakika 30. Na ukishayachemsha, kwa nini uyaanike na kuyasaga tena? Yaponde laini umpe na uji au na viazi.

Dagaa

Nunua walioanikwa kwenye chanja, si mchangani. Toa vichwa na matumbo, osha kwa maji ya moto mara mbili, kausha, kaanga bila mafuta, saga kidogo kidogo cha wiki moja na uweke chombo chake. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha uji, kichemke humo dakika 5. Waliotiwa chumvi usimpe mtoto.

Mashineni

Kazi yote ya kuchambua inaweza kupotea hapa. Kwenye kinu cha mashine hubaki unga wa aliyetangulia, na huenda alisaga mahindi yaliyooza kwa ajili ya mifugo. Nenda asubuhi, beba kilo moja ya nafaka yako ya ziada, ipite kwanza kusafisha kinu, na unga huo usimpe mtoto. Kama mahindi yalihifadhiwa kwa dawa ya wadudu, yawe yameoshwa na kuanikwa upya kabla ya kufika hapo.

Jambo la pili ni chuma. Nyundo za mashine hulika, na vumbi lake huingia kwenye unga. Nyumbani tandaza unga kwenye sinia, funga sumaku ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, ipitishe polepole mara kadhaa. Ukivuta unga mweusi mwingi, badilisha mashine. Hicho si chuma cha kuongeza damu.

Unga ukitoka mashineni huwa na joto. Ukiufunga hapo hapo mvuke unageuka maji ndani ya mfuko. Utandaze upoe kabisa, kisha uweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko.

Kimea, kitu tulichokiacha

Sasa hesabu inayoumiza. Maziwa ya mama yana takriban kilokalori 65 hadi 70 katika mililita 100. Uji mwepesi wa kunywa kwa kikombe, wenye gramu 5 za unga kwa mililita 100, hauna hata 20. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linachukua kama mililita 240 kwa mlo mmoja. Ukilijaza uji mwepesi umeondoa nafasi ya maziwa ukaweka maji yenye rangi ya unga. Ndiyo maana mtoto anakunywa vikombe vitatu na kilo hazipandi, na mzazi anakimbilia kuongeza nafaka ya kumi na moja.

Ukizidisha unga, uji unaganda na mtoto mdogo hawezi kuumeza. Wazee wa kusini mwa Tanzania walilimaliza tatizo hili zamani kwa kimea, kile kile kinachotengenezea togwa. Nafaka ikiota hutoa kimeng'enya kinachovunja wanga, na uji mzito unalainika bila kuongezwa maji.

Loweka ulezi uliooshwa kwa saa 12, ukibadilisha maji mara moja. Mwaga maji, utandaze kwenye kitambaa safi kimo cha sentimita 2, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu, mahali penye kivuli. Nyunyizia maji safi asubuhi na jioni. Baada ya saa 48 chipukizi zitakuwa zimefikia urefu wa punje yenyewe au kuzidi kidogo. Anika juani hadi ikauke kabisa, sugua kwa mikono ili mizizi na chipukizi zitoke, pepeta, saga. Ikitokea rangi nyeusi au kijani, au harufu ya uvundo, tupa yote na uanze upya. Mtama nao hutoa kimea, ila chipukizi na mizizi yake huwa na sayanidi na lazima vitolewe vyote, ndiyo sababu napendelea ulezi.

Matumizi: pika uji mzito, gramu 50 za unga kwa mililita 250 za maji, kama vijiko vinne vya chakula vilivyojaa. Utakuwa karibu na ugali laini. Epua, subiri dakika 5 hadi 10. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Ndani ya dakika chache utauona unalegea. Rudisha motoni uchemke dakika 5, na hatua hii usiiruke, kwani kimea ni unga mbichi uliokaa kwenye unyevu siku mbili na hubeba vijidudu. Watu hukosea sehemu mbili: wanatia kimea uji ungali unatokota, kimeng'enya kinakufa na uji haulegei, au wanampa mtoto bila kuchemsha tena. Ukifanya vizuri, kikombe kile kile kina kilokalori kama 175 badala ya 45.

Kuotesha na kuloweka hupunguza pia ile fitati. Kuchachusha vilevile: changanya unga na maji safi, funika, acha siku moja hadi mbili hadi upate uchachu mzuri, ndipo upike. Watoto wengi huupenda, na uchachu huzuia baadhi ya vijidudu vya kuharisha. Lakini kuchachusha hakugeuzi unga mbovu kuwa mzuri.

Siku isiyo na kimea

Vijiko viwili vya chakula vilivyojaa vya unga, kama gramu 25, kwa maji mililita 250. Koroga unga kwenye maji baridi kwanza, mimina kwenye yanayochemka, geuza mwiko hadi ushike, punguza moto, funika, dakika 20. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika kirahisi. Mwishoni tia karanga ulizozichambua na kuzitwanga laini, gramu 10 au kijiko kimoja cha chakula kisichojaa sana, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula. Unga umeleta kilokalori 88, karanga kama 57, mafuta 40, jumla 185. Sasa uji wako umepita maziwa ya mama kwa nguvu kwa kila mililita. Mtoto anayenyonya wa miezi 6 hadi 8 anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, wa miezi 9 hadi 11 kama 300, na wa mwaka mmoja hadi miwili kama 550. Anza na vijiko viwili vitatu kwa mlo, upande hadi nusu kikombe mara mbili au tatu kwa siku.

Uji wa asubuhi usikae kwenye chupa ya chai hadi alasiri. Joto likishashuka kuwa vuguvugu, vijidudu huzaliana kwa kasi humo. Pika kidogo, uliokaa zaidi ya saa 2 mwage.

Mlonge, ubuyu, asali na vinginevyo

Majani ya mlonge ni mboga nzuri yenye vitamini A. Yakaushwe kivulini, maana jua kali huiharibu, na nusu kijiko cha chai kinatosha mtoto wa mwaka. Magome na mizizi yake hayaliwi. Ubuyu mweupe wa unga, usio na rangi wala sukari, una vitamini C inayosaidia chuma cha nafaka kufyonzwa, lakini ukiuchemsha unaipoteza: utie uji ukishapoa hadi wa kulika. Mbegu za maboga zina zinki, zikaange na kuzitwanga siku ya kupika.

Asali usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata tone la kuonja. Inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinacholeta ugonjwa wa kupooza misuli kwa watoto wachanga, na kuchemsha uji hakuziui. Chai ya rangi pamoja na mlo inazuia chuma, iache. Na ini la kuku au la ng'ombe lililopondwa, vijiko viwili mara moja kwa wiki, litampa chuma ambacho hakuna mchanganyiko wa nafaka utakaokifikia.

Wapo wanaokataa unga ulioongezwa virutubishi wakisema ni kemikali. Tanzania imekuwa na kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa mahindi na ngano tangu 2011, na kinachoongezwa ni chuma, zinki na vitamini ambazo mwili huzitumia vile vile. Kama maisha yako hayaruhusu kazi yote niliyoieleza, nunua huo wenye nembo ya TBS au ya KEBS na uangalie tarehe.

Unga ukiuzwa kama dawa

Muuzaji akisema unga wake unatibu selimundu, unaongeza damu kwa siku saba au unafanya mtoto asihitaji tena dawa za hospitali, rudisha mfuko. Mtoto mwenye virusi vya UKIMWI, kifua kikuu au selimundu anahitaji vyote viwili, chakula kizuri na dawa zake, na siku anayoacha dawa kwa ajili ya uji ndiyo siku ugonjwa unapata nafasi.

Utapiamlo mkali nao hautibiwi kwa unga wa nyumbani. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 mpime mzunguko wa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Sentimita 12.5 kwenda juu, endelea na chakula chake. Kati ya 11.5 na 12.5, mpeleke kliniki wiki hiyo. Chini ya 11.5, mpeleke leo. Kisha bonyeza kwa vidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde 3: kikibaki kishimo miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa unyafuzi hata kama mashavu yamejaa na mkono unaonekana mnene. Usimjaze uji mzito wala karanga ukitaka kumrudishia nguvu haraka, kwa sababu mwili wake katika hali hiyo hauwezi kuhimili chakula kingi cha ghafla na moyo unaweza kusimama. Hospitali wataanza na maziwa maalumu kwa kipimo kidogo kila baada ya saa chache, au chakuladawa kama bado ana hamu ya kula. Njiani endelea kumnyonyesha na umfunike asipate baridi.